Ndege Aliyeimbia Makosa

Mji wa Shungumani ulitawaliwa na Sultani Badawi bin Faki, na mali yake ilikuwa nyingi na usingizi wake haba, kwa kuwa bintiye Shemsa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hakuwa hodari wa kugawanya, na sheria ya mji ilimkataza kurithi kiti mtu asiyeweza kugawa mirathi ya raia.

Sultani akamwita Mwana Shali, mjane msuka mikeka, aliyewafundisha watoto wa mtaani hesabu kwa michezo. "Ewe bibi, mtengenezee binti yangu mchezo wa kugawanya. Akijua kabla ya Idi, omba utakalo. Asipojua, uhame mji wangu, wewe na wanao."

Mwana Shali akarudi nyumbani, akawalisha wanawe, kisha akasugua pete ya marehemu mumewe, na jini Kishamdari akatoka.

"Labeka, bibi yangu."

"Nataka mchezo wa kugawia wageni tende. Na mtoto akikosea, asilie."

Jini akaunda sinia la dhahabu, na tende za marijani, na wageni wa fedha, na ndege wa zumaridi wa kumliwaza mtoto kwa wimbo kila akikosea.

Shemsa akacheza hata akasahau kula. Mwanzoni alijua kuwagawia wageni wanne tende kumi na mbili. Baada ya wiki hata hilo likamshinda. Sultani akashangaa, na jini akashangaa zaidi, akaongeza wageni, akamtia ndege mkia wa pili, na Shemsa akazidi kukosea.

"Labda ana homa," akasema jini.

"Homa gani ya kucheka?" akajibu Mwana Shali, naye haelewi. Akaketi kando na ukili wake, akisuka. Akamsikia Shemsa akinong'ona, "Tatu tatu," kisha akitamka kwa sauti, "Tisa." Ndege akaimba.

"Mwanangu, si umesema tatu?"

"Nikisema tatu haimbi, bibi."

Mwana Shali akamgeukia jini. "Tunamtuza kwa kukosea."

"Uliagiza asilie."

"Niliagiza vibaya. Sasa akikosea, wageni waliopunjwa wanung'unike. Ndege aimbe wote wakiridhika."

Siku ya kuamkia Idi, mbele ya kadhi, Shemsa akawagawia wageni wawili tende saba, tatu tatu, akabaki na moja, nao wakaanza kuigombea. Akaikata katikati. Ndege akaimba hata kadhi akasahau swali lililofuata.

Sultani, aliyekuwa mjane, akamposa Mwana Shali.

"Mimi sipiki," akasema bibi.

"Wapishi wapo."

Wakaoana, na mali ikawa yao, na wanawe wakalelewa jumbani. Nawe unayemchezesha mtoto ili ajifunze, tazama kwanza anachekea nini, maana hicho ndicho anachojifunza.