Kigugumizi Kilicholazwa kwa Ufunguo

Hapo zamani, katika shule moja ya bweni, mwalimu wa mdahalo aliuliza: "Nani atammalizia Anyesi hoja yake?" Anyesi alikuwa na hoja kali kuliko wote, ila kigugumizi kilimkaba kila aliposimama. Kabla hajafika neno la pili, vicheko vilikwisha kufika.

Ndipo Ludoviko akanyanyuka. Kijana huyu alimpenda Anyesi tangu muhula wa kwanza, na hakuwahi kumwambia zaidi ya "Naomba rula."

"Mimi najua kulaza akili ya mtu," akasema. "Nikimlaza yeye, na kigugumizi kitalala."

Uongo mtupu. Maisha yake yote alikuwa amelaza kuku mmoja tu, nyumbani kwao.

Akavua shingoni ufunguo wa sanduku lake la bati, akaubembeza mbele ya macho ya Anyesi. Wenzake wakaanza: "Mganga njaa huyo!" Anyesi akaona kijana anavyozomewa. Akamhurumia, tena, tuseme kweli, alimpenda. Akafumba macho, akalegeza shingo. Hakulala hata kidogo.

Tabitha, jirani yake wa kitanda, akaamini. Akazunguka mabweni yote: "Jamani, Anyesi kapona! Nimeona kwa macho yangu!" Wakaamini wote.

Siku ya mdahalo na shule jirani, hakuna aliyekaa tayari kucheka. Anyesi akasimama. Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka. Akasema mpaka mwisho, shule ikashinda.

Kesho yake mwalimu, sikilizeni jambo hili, akaandika ubaoni jina la nahodha wa mdahalo, yule aliyeponya kigugumizi: Ludoviko!

"Mwalimu, nilikuwa macho!" Anyesi akasema. "Hoja zangu, ulimi wangu, nahodha yeye? Unahodha huu nimeutaka miaka mitatu!"

"Bila uongo wangu ungefika mwisho?" Ludoviko akauliza kwa upole.

"Na bila uongo wangu mimi, si ungezomewa mpaka leo?"

Tabitha akaangua kilio. "Kumbe mlinidanganya wote wawili! Basi nipeni mimi. Nisingeamini, nani angenyamaza akusikilize, Anyesi?"

Mwalimu akafuta jina ubaoni, akabaki ameshika chaki.

Je, nani alistahili unahodha: aliyejifanya kulaza, aliyejifanya kulala, au aliyeamini? Wewe uliyesikiliza, naomba umtaje mmoja tu, na useme kwa nini.