Viputo vya Kabati la Joto

Wahenga walisema kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake, anayekimbilia jambo kabla halijaiva hulivuruga kwa mikono yake mwenyewe.

Palikuwa na binti mmoja, kitindamimba, mwenye akili kali kama wembe lakini asiyejua kungoja. Utotoni alipanda maharage, na kila asubuhi akayafukua aone kama yameota. Yakaoza. Mama yake alimwonya, “Mwanangu, pupa yako itakulisha mchanga.” Binti akacheka.

Alipokua alipata nafasi katika maabara iliyochunguza utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba ya mafuta inayozunguka kila chembe ya uhai. Yeye na mwenzake mmoja mtaratibu, aliyetaniwa Konokono, walipewa kazi ya kuunda viputo vya utando huo. Kila mmoja alipaka mafuta kwenye kisahani chake cha kioo, akayakausha, akayamiminia maji ya uvuguvugu, kisha akakiweka katika kabati la joto. Hapo kazi ya mkono ilikwisha. Mafuta hayo yana vichwa vinavyopenda maji na mikia inayoyakimbia. Yakiachwa hujipanga yenyewe, mikia ndani, vichwa nje, yakavimba taratibu kuwa viputo. Mkuu wa maabara alisisitiza visiguswe hadi asubuhi, kwani wageni wangekuja kuvitazama na kumchagua mmoja wao akasomee chuo kikubwa. Binti aliitamani nafasi hiyo hadi usingizi ukamruka.

Jioni alishindwa kutulia. Akatoa kioo chake, akakichungulia kwa hadubini. Aliona nyuzi zilizojikunja tu.

“Dada, kirudishe,” Konokono alisema. “Ndiyo kwanza viputo vinajiunda.”

“Wewe Konokono utafika kesho kutwa,” akamjibu, akakitikisa kioo kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi, ndipo akakirudisha kabatini.

Kulipokucha, maji yake yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Viputo vichanga vilikuwa vimepasuka vikawa vumbi. Vya Konokono vilikuwa vikubwa, vya mviringo, vikitetema kama tumbo la mtoto anayecheka. Wageni walipokezana hadubini, na hawakuhitaji kushauriana. Akiaga, Konokono alimnong'oneza, “Dada, nimefika.”

Nyumbani mama hakugomba. Alimmiminia chai, akamtazama usoni, akauliza, “Umefukua maharage tena?”

“Nimefukua, mama.”

Wakacheka wote wawili, ingawa kicheko cha binti kilikuwa na chozi ndani yake.

Juma lililofuata aliunda vingine. Safari hii alimkabidhi mkuu ufunguo wa kabati, akaenda kumsaidia mama kufua. Asubuhi alivikuta vimejaa, vizuri ajabu, akampigia mama simu kumwambia vimeiva. Alifurahi kweli, na mama akafurahi naye. Lakini kiti cha chuo kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe. Basi watoto wetu mlio mbiombio, msiseme hamkuambiwa: mwenye pupa hadiriki kula tamu.