Maji ya Mgeni Hayapimi Kisima

Maji ya mgeni hayapimi kisima. Ndiyo, nimesema, na nitasema tena hata mkinikodolea macho hivyo. Huyu dada yenu Sechelela amekohoa mpaka majirani wanatuuliza kama tuna mgonjwa wa kifua humu ndani. Leo nimempeleka zahanati kwa miguu yangu hii mibovu. Amefika mbele ya daktari, ameulizwa, "Hujambo, binti?" naye kwa adabu zake zote anajibu, "Sijambo kabisa, daktari. Ni kikohozi kidogo tu, kimeshaanza kupoa." Karudi na vidonge vya kichwa! Halafu mnaniuliza kwa nini nafoka, na msemo huo nimeuokota wapi. Haya, kaeni. Mlewa, weka hiyo simu chini. Msemo huu una kwao, na kwao ni uani kwa Mzee Chidawali na mkewe Nyemo, kule kule Dodoma tulikokuwa tunaishi zamani, upande ambao ukichimba kisima unapata maji tele, lakini ya chumvi.

Nyemo alikuwa mama wa mboga. Tangu usichana wake alilima chainizi, mchicha na saladi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Ikaja siku goti likamgomea. Akiinama, hainuki mpaka ashikwe mkono. Bustani ikaota magugu, na yeye akawa wa kukaa kwenye kigoda tangu asubuhi, akitazama magugu yakikua. Alikuwa akiniambia, "Jirani, mimi nikikaa hivi nitakufa nikiwa mzima."

Binti yake Wendo, aliyekuwa anafanya kazi Morogoro, ndiye aliyemletea kilimo kile cha bila udongo. Mabomba meupe yaliyotobolewa matundu, yakapangwa juu ya vyuma usawa wa kiuno. Ndani yake yanapita maji yenye mbolea, miche inakaa kwenye vikopo, mizizi inaning'inia majini. Hakuna kuinama, hakuna jembe. Nyemo alisimama wima mbele ya mabomba yake, akapanda mche wa kwanza, akalia machozi hadharani.

Basi ile saladi ya kwanza ikaungua yote. Majani yalianza kukauka pembeni, yakajikunja, yakafa. Wendo akapiga simu: "Mama, ni maji ya kisima. Yana chumvi yake, nasi tunaongeza mbolea juu ya chumvi. Mizizi inaungua. Tafuteni mashine ya kuchuja, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba, chumvi inabaki nyuma, maji matupu yanapita."

Sasa msikilize balaa lilipoanzia. Chidawali alikuwa na mdogo wake, Mbijima, ambaye siku nyingi aliutamani ua ule kwa kuku wake. Aliposikia saladi zimekufa, hata pole hakutoa. Alileta wavu wa banda, akauegemeza getini. Na Chidawali, ambaye hakupenda ugomvi na ndugu, akakata shauri: "Tutanunua hiyo mashine, tujaribu mara moja tu. Zikifa tena, mabomba yang'olewe, Mbijima alete kuku. Mimi siwezi kuishi kwenye makaburi ya saladi."

Nyemo alijua bila yale mabomba ni kigoda tena, na safari hii moja kwa moja.

Tatizo likawa mashine ipi. Jamani! Vikao havikwisha. Mbijima, mtu wa kuku, alikuwa bingwa kuliko wote. Yeye alitaka ile ya vikombe saba yenye taa ya buluu, inayotoa chumvi kisha inarudishia madini kwenye maji.

"Shemeji," Nyemo alimwambia, "madini nayatia mwenyewe kwenye mbolea. Niyatoe, niyarudishe, nitie na mengine, kwani nafanya mchezo?"

"Lakini ina taa," Mbijima alisema.

Chidawali yeye alitaka ndogo, inayoning'inia ukutani bila kuziba picha ya harusi yao. Jirani mmoja alisema ichukuliwe yoyote mradi iwe nzito. Nyemo alichoka mpaka kichwa kikamuuma. Watu ambao hawajawahi kuotesha hata kitunguu, wote wamegeuka mabingwa wa maji! Mwisho akawaacha wabishane, akampigia mwenyewe fundi wa mjini aliyekuwa anauza mashine hizo, mama mmoja anaitwa Asteria.

"Mama, mimi siuzi kwa macho," Asteria alimwambia. "Nileteeni maji yenu kwenye chupa niyapime. Maji ndiyo yatakayochagua mashine."

Nyemo akashusha pumzi. Hatimaye mtu mwenye akili. Na kwa kuwa goti lilimkaza siku ile, akamtuma mumewe.

Sasa, kuna jambo la nyumba ile lazima mlijue. Wenyewe walikunywa maji ya kisima, wakapikia, na ulimi wao ulishazoea hata hawakuisikia tena chumvi. Lakini sebuleni, pembeni kwenye ubaridi, palikuwa na mtungi wa maji ya mvua, uliofunikwa kitambaa cheupe. Yale yaliitwa maji ya mgeni. Kiangazi kikikaza namna gani, mwenyeji hayagusi. Mgeni akiingia, ndipo kata inatumbukizwa. Kumpa mgeni maji ya kisima ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Chidawali aliisugua chupa kwa majivu mpaka ikang'aa, akavaa koti lake la kanisani, akaenda mjini. Alirudi jioni anatabasamu, na mashine ndogo kwapani.

"Fundi ametusifu," alisema. "Anasema maji mazuri kama yetu hajayaona mwaka huu. Hii ndogo inatutosha kabisa."

Nyemo aliitazama birika yake iliyoganda ukoko mweupe ndani, akashangaa. Lakini kipimo kimesema, naye alikuwa na hamu ya kupanda. Akapanda.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Miche ikasimama, majani yakachanua, Nyemo akaanza kuimba tena akiwa kazini. Halafu mashine ikaanza kutoa maji kwa kusuasua. Yakawa matone. Na asubuhi moja Nyemo akaonja yale matone, ulimi wake uliozoea chumvi usimwambie kitu, kisha akatazama saladi zake, akaona pembe za majani zimeanza kukauka kama zile za kwanza. Mbijima naye hakuchelewa. Wavu ukatoka getini, ukaja kuegemezwa kwenye mabomba yenyewe.

Hapo kila mtu akawa na wa kumlaumu. Mbijima alilaumu kukosekana kwa taa. Chidawali alilaumu mbolea. Nyemo alishika simu akamporomoshea Asteria maneno ambayo sitayarudia mbele yenu: katuuzia takataka, kaona sisi ni washamba, Mungu anamwona.

Asteria naye hakuwa wa kunyamaza. "Mama, mashine ile kwa maji niliyoyapima ingekaa muda mrefu bila hata kuguswa. Kama mnaitesa mnavyojua wenyewe, semeni. Nileteeni tena maji!"

Kesho yake asubuhi Mbijima alifika na koleo la kung'olea mabomba. Nyemo alimwona kwa dirisha, akaingia sebuleni kumwita mumewe ili amzuie ndugu yake hata kwa siku moja. Akamkuta Chidawali amechuchumaa mbele ya mtungi, koti la kanisani mwilini, kata mkononi, chupa inayong'aa katikati ya miguu.

"Baba Wendo, unafanya nini hapo?"

"Nachota maji ya kumpelekea fundi."

"Kwenye mtungi?"

"Sasa nichote wapi?"

Nyemo aliinyooshea chupa kidole. "Na ile chupa ya kwanza, ulichota wapi?"

Chidawali alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Si hapa hapa. Na nilichota ya juu, yaliyotulia."

"Hayo ni maji ya mvua!"

"Ni maji yetu. Yametoka kwenye bati letu."

"Saladi zangu zinakunywa kwenye mtungi, Baba Wendo? Umewahi kuziona zikija hapa na kikombe?"

"Mama Wendo, hebu nielewe." Chidawali aliinuka, naye amekasirika kweli. "Yule ni mtu mzima, simjui, hanijui. Niingie dukani kwake na chupa ya maji ya chumvi, nimwambie haya ndiyo tunayokunywa kwangu? Atanionaje? Baba yangu alinifundisha, mtu humpelekei kibaya ukiwa na kizuri nyumbani."

Nyemo alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kupiga kelele zilizovuka ukuta mpaka kwangu. "Fundi si mgeni! Hukumpelekea anywe, ulimpelekea atutibie! Umempimisha mawingu, mume wangu! Mawingu! Kisima hajakiona hata tone! Maji ya mgeni hayapimi kisima!"

Ndivyo msemo ulivyotoka, mara ya kwanza kabisa, kinywani mwa mama mwenye hasira na goti bovu. Mbijima aliyekuwa mlangoni na koleo lake alicheka mpaka akaketi juu ya wavu wake mwenyewe. "Hata hivyo, kaka," alisema akijifuta machozi, "neno ni neno. Ulisema zikifa tena."

Chidawali hakucheka. Alisimama na ile chupa, akatazama nje, akamwona mkewe ameshatoka na kusimama mbele ya mabomba, kiganja juu ya majani yaliyoungua, mgongo umenyooka kwa sababu bado kuna kitu cha kusimamia. Polepole akayarudisha maji mtunguni, akafunika kitambaa.

"Nilisema tutajaribu mashine," alimwambia Mbijima. "Mashine hatujaijaribu. Tumejaribu adabu yangu. Chukua wavu wako."

Akaenda kisimani, akajaza chupa. Nyemo akaenda naye mjini safari hii, goti na maumivu yake, maana hakumwamini tena. Asteria alipotumbukiza kipimo chake, akakitazama, akakikung'uta, akatumbukiza tena.

"Mzee, haya ni maji ya wapi?"

Nyemo aliona midomo inacheza, akajua mumewe anatafuta namna ya kusema ni ya jirani. Akamfinya kiuno.

"Ni ya kwangu," Chidawali alisema. "Ndiyo tunayokunywa."

Basi. Asteria hakumcheka wala hakumdharau. Alisema tu, "Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, mzee wangu," akawapa mashine yenye pampu ya kusukuma maji, na chombo cha mbele cha kuulainisha ule ukali wa maji kabla haujaugandia utando. Haikuwa na taa. Mbuzi dume mmoja aliaga ua ule kwa ajili yake, na picha ya harusi ikahamia ukuta mwingine.

Asteria alikuja mwenyewe kuifunga. Alipopiga hodi, Chidawali alimpokea mlangoni na vyombo viwili. Mkono wa kushoto, chupa ya maji ya kisima. Mkono wa kulia, kikombe cha maji ya mtungi, baridi.

"Haya pima," alisema. "Na haya kunywa, karibu sana."

Saladi zile zilikua mpaka majani ya pembeni yakawa yanapelekewa kuku wa Mbijima huko kwake. Na Nyemo, nawaambia, alikaa kwenye kigoda kile siku za Jumapili tu.

Mnacheka. Mlewa unataka kuniambia ni sawa na mficha maradhi, kifo humuumbua. Si sawa! Mficha maradhi anajua anaficha. Chidawali hakuficha kitu, alikuwa na adabu tu, na adabu yake ikataka kumrudisha mkewe kwenye kigoda. Ndiyo maana nafoka. Mtu mwongo ningemkanya, lakini mtoto mwenye adabu nimkanye namna gani?

Kwa hiyo wewe Sechelela, ukiulizwa hujambo, jibu sijambo. Hayo ni ya mtungi, mpe daktari, ni mtu mzima. Halafu vuta kiti, umpe na ya kisima. Mbona umeinama? Nimekugombeza sana?

"Hapana, Bibi. Ila... usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa. Na juzi nilipokohoa, niliona damu kwenye leso. Sikutaka kuwatia wasiwasi."

Mlewa, lete viatu vyangu. Lete na kanga, zahanati haijafungwa bado. Inuka, mwanangu, nishike mkono, na hayo uliyoniambia mimi ukamwambie daktari vile vile, usiyafunike kitambaa. Maji ya mgeni hayapimi kisima.