Nani Akae Kando ya Bi Sikujua?

Kahawa iko tayari, kashata zimo sahanini, mwenye nafasi kwenye benchi amsogelee mwenzake ili na wengine wakae. Leo sitaki habari za mpira. Nina jambo linanisumbua tangu juzi, nami nataka mnisaidie kuliamua, wakubwa kwa wadogo. Ila nisikilizeni hadi mwisho ndipo mseme.

Hapa Kariakoo kulikuwa na vijana watatu waliokuwa wakiwatembeza wageni kula. Kila Jumamosi asubuhi walikusanya watu kumi au kumi na wawili, wakaanza nao kwa supu na chapati, wakapita kwenye mihogo ya kukaanga, wakaenda kwenye kachori na juisi ya miwa, wakapumzika kwangu kwa kahawa, kisha wakamalizia kwa vitumbua. Safari yote kwa miguu. Mgeni aliyefika mwisho wa safari alikuwa anatafuta mahali pa kufungua kifungo cha suruali.

Wa kwanza aliitwa Mwanaidi, na kipaji chake kilikuwa pua. Akisimama hatua tano kutoka kwenye karai, atakwambia mafuta haya ni ya jana, na iliki imesahauliwa. Kwa miaka miwili hakuna mgeni wake aliyeumwa tumbo.

Wa pili aliitwa Kibwana, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Angeweza kumsifia mtu muhogo wa kawaida hadi mtu huyo, ameshiba kabisa, akaomba sahani nyingine. Wageni walimpenda, na yeye alipenda kupendwa.

Wa tatu aliitwa Tunu, na kipaji chake kilikuwa miguu. Hakuna uchochoro asioujua, wala duka lenye mlango wa nyuma asiloweza kupitia. Watu wake hawakupotea, hawakuchelewa.

Vitumbua vya mwisho vilikuwa vya Bi Sikujua, pale kwenye kona inayotazamana na benchi hili. Ni mjane, hana mtoto, na ule ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita mahali pale. Mchele aliuloweka mwenyewe, nazi aliikuna mwenyewe. Wale watatu aliwaita wanangu, nao walimwita mama.

Basi Jumamosi moja akaja Mwalimu Ngonyani, mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Songea. Matembezi yale alizawadiwa na wanafunzi wake wa zamani. Kabla hata ya supu aliwaita vijana wote watatu pembeni.

"Wanangu, mimi nakula kila kitu isipokuwa karanga," aliwaambia. "Karanga ikinigusa tu, koo linavimba, pumzi inakata. Naomba msinisahau."

"Tumekusikia, Mwalimu," walijibu wote kwa pamoja.

Siku hiyo, kinyume na kawaida yao, walifika kwangu wamechelewa. Wageni walikunywa kahawa na kula kashata za karanga, Mwalimu akanywa kahawa tupu. Kashata zilizobaki Tunu alizitia kwenye mfuko wa karatasi, wakavuka barabara kwenda kwa Bi Sikujua. Hapo ndipo nataka mfungue masikio.

Tunu alikuwa na haraka. Bi Sikujua alimwambia, "Subiri mwanangu, nisuuze sahani," lakini yeye hakusubiri. Alimpa mgeni mmoja zile kashata zilizobaki, kisha akatia vitumbua vya moto kwenye mfuko uleule, chembe za karanga zikiwa bado zimo chini.

Mwanaidi aliunusa ule mfuko ulipopita mbele yake. Harufu ya karanga aliisikia, tena vizuri. Lakini Kibwana alikuwa katikati ya kisa na watu wanacheka, naye aliona vibaya kuwakatiza. Akajiambia kwamba harufu ile inatoka kwangu, ng'ambo ya barabara. Akanyamaza.

Kibwana ndiye aliyeulizwa. Mwalimu alikishika kitumbua akasema, "Hiki hakina karanga?" Kibwana hakugeuka hata kumuuliza mpishi. "Mwalimu, hapo ni mchele na nazi tu! Kula, utajuta kuzaliwa Songea!" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye, akicheka, akala.

Cha pili hakukimaliza. Alishika shingo, midomo ikavimba, akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake zuri la matembezi. Watu wakajaa. Mtu mmoja akauliza, "Kala nini huyu mama?"

Kibwana alinyoosha kidole. "Vitumbua," alisema. "Vya huyu hapa."

Tunu aliutazama mfuko mkononi mwake, akaukunja, akauficha ndani ya pochi. Mwanaidi alimwona akiuficha. Hakuna aliyesema neno.

Sitawanyima haki yao: Mwalimu walimwokoa wao wenyewe. Tunu alipita kwenye vichochoro viwili na nyuma ya ghala la vitenge, wakafika zahanati kabla gari halijaweza hata kugeuza. Kibwana alimbeba huku akimsemesha bila kukoma, "Nitajie wanafunzi wako, Mwalimu, mmoja mmoja," ili asizimie. Na Mwanaidi alimnong'oneza muuguzi mlangoni, "Ni karanga," sindano ikachomwa bila kupoteza muda. Mama yule akapona.

Lakini huku nyuma, kile kidole kilikuwa kimeshafanya kazi. Watu walimzunguka Bi Sikujua. Mmoja akasema anatumia mafuta mabovu, mwingine akasema anatia dawa za kuvutia wateja. Yeye alikuwa akirudia tu, "Jamani, mimi nimepika kama siku zote." Sauti moja ikapiga kelele, "Mwageni!" Meza ikasukumwa, rojo ikamwagika barabarani, na mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia. Watu walikuwa wamenyanyua simu, wakarekodi. Kufika adhuhuri, mji mzima ulikuwa umemwona Bi Sikujua ameshika mkono wake analia.

Aliyesema "Mwageni" ni mimi. Ndiyo, mimi ninayewamiminia kahawa. Msiniangalie hivyo, au niangalieni, ni haki yenu.

Wiki tatu kona ile ilikuwa tupu. Vijana waliendelea na matembezi yao, ila sasa walimalizia kwangu. Mgeni akiuliza pale mbele kulikuwa na nini, mbona kuna masizi ukutani, Kibwana alisema, "Hapana kitu," kisha akasahau kisa alichokuwa akisimulia. Tunu alianza kuzunguka mtaa wa pili ili asiikanyage kona ile. Mwanaidi hakuwa anakula tena. Alisema kila kitu kinanuka karanga, hata maji. Walikuwa wakikaa hapo mlipokaa nyie, mabega yanagusana, na kila mmoja anatazama upande wake.

Jumamosi ya nne wageni wakiwa wameondoka, Mwanaidi aliweka kikombe chini.

"Mimi niliisikia harufu," alisema.

"Harufu gani?" aliuliza Tunu, ingawa alijua.

"Ya mfuko wako. Niliisikia kabla hajala. Na nilikuona ukiuficha."

Tunu alifunika uso kwa mtandio. Kibwana alikisukuma kikombe chake mbali. Akasema, "Mimi nilimnyooshea kidole mtu ambaye hata sikumuuliza." Akalia pale pale, mtu mzima, mbele ya wateja wangu. Nami nikajifanya naosha vikombe.

Hivyo wa kwanza kufanya jambo alikuwa Mwanaidi. Kama asingesema, wangeendelea kunyamaza hadi leo.

Wa pili alikuwa Tunu. Bi Sikujua alikuwa amehama chumba chake kwa kukimbia macho ya watu, na hakumwambia jirani anakokwenda. Tunu alitembea siku nne, mlango kwa mlango, hadi akampata Mbagala kwa binti wa dada yake. Kama asingetembea, toba yao isingemfikia mtu.

Wakaenda watatu, wakapiga magoti mlangoni. "Shikamoo mama," walisema, na Bi Sikujua akaitikia, kisha akasikiliza yote bila kuwakatiza. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji.

"Mnajua kilichoniuma zaidi?" alisema. "Si mkono. Ni kwamba nilianza kuwaamini wale waliosema nimetia kitu kibaya. Nilikaa hapa najiuliza, nilitia nini siku ile? Nilisahau nini? Miaka ishirini na sita, halafu mkanifanya nisiiamini mikono yangu mwenyewe."

Waliendelea kupiga magoti hadi alipowaambia wainuke.

Wa tatu alikuwa Kibwana. Siku iliyofuata alisimama kwenye kona ile, saa sita mchana, jua kali, akawaomba watu watoe simu zao wamrekodi. Hakutania hata mara moja. Alitaja mfuko, akataja harufu, akataja kidole chake, akasema, "Mama huyu hana kosa. Kosa ni letu." Walimzomea. Mtu alimrushia ganda la muwa likampiga usoni, akalifuta akaanza kusimulia upya kwa waliochelewa. Alisimama hivyo siku tatu. Kama asingesema yeye, watu wasingeamini, maana ulimi wake ndio waliokuwa wameuamini mwanzo.

Bi Sikujua akarudi, na siku za mwanzo binti wa dada yake alimgeuzia vitumbua kabla ya kurejea kwake Mbagala. Mwalimu Ngonyani akasafiri kutoka Songea, akaketi mbele ya watu wote akala vitumbua sita, akaomba vya kufunga. Wateja wakarudi, wengine wakiinamisha vichwa. Mimi nami nilivuka barabara nikamwambia, "Bi Sikujua, ile sauti siku ile..." Hakuniacha nimalize. "Niliijua papo hapo, jirani," alisema. "Miaka mingapi naisikia ikiita kahawa?" Akanipa vitumbua vyangu, akageukia mteja mwingine. Tangu hapo hajaniambia zaidi, nami sijathubutu kuuliza.

Sasa mtihani wenyewe ndio huu. Vidole vya mkono ule havikunjiki tena sawasawa, na daktari amesema havitakunjika. Hawezi kugeuza vitumbua. Kwa hiyo aliwaita wale watatu, ambao matembezi yao yameshakufa, kwa kuwa baada ya Kibwana kusema ukweli hakuna mgeni aliyewataka.

"Nataka mmoja akae kando yangu," aliwaambia. "Nitamfundisha kila kitu, kipimo cha mchele, kipimo cha tui, moto. Mama yangu alinifundisha mimi peke yangu. Nikichoka, kona itakuwa yake. Ni ya watu wawili tu. Watatu haiwatoshi, mtagombana."

Wote watatu walikitazama kigoda kilichokuwa kando yake. Wote walikitaka, niliwaona. Hakuna aliyesogea.

"Mpe Mwanaidi," alisema Kibwana. "Bila yeye tungekuwa bado tunadanganya."

"Mimi nilijua kabla ya wote nikanyamaza," alisema Mwanaidi. "Mpe Tunu, ndiye aliyekutafuta."

"Mfuko ulikuwa wangu, mama," alisema Tunu. "Mpe Kibwana. Alizomewa kwa niaba yetu sote."

"Na kidole kilikuwa cha nani?" alijibu Kibwana, akitazama chini.

Bi Sikujua aliwaacha wazunguke hivyo mara mbili, tatu, kisha akapiga kijiko kwenye chuma cha vitumbua. "Aibu yenu haigeuzi kitumbua," alisema. "Mimi nahitaji mkono wa kulia. Kajadilianeni, Jumamosi mniletee jina moja. Msiponiletea, nitafunga jiko langu, basi."

Walivuka barabara wakaja kwangu. "Kaka, wewe uliona yote tangu mwanzo," walisema. "Tuamulie."

Niliwamiminia kahawa, nikaitazama kona ile. Mtu aliyesema "Mwageni" atamchagulia nani mpishi? Niliwaomba wanipe siku mbili niwaulize watu wangu.

Basi watu wangu ndio nyie. Yupo aliyevunja ukimya, naye ndiye aliyenyamaza kwanza. Yupo aliyetembea siku nne, naye ndiye aliyechafua mfuko. Yupo aliyesimama juani akasema ukweli, naye ndiye aliyesema uongo. Kesho ni Jumamosi, na Bi Sikujua amekwisha kuloweka mchele.

Haya, wewe uliyeshika kikombe, anza: ungekuwa wewe, ungempeleka jina la nani?