Akida Ngwali Aonwa Siku Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Mwambore, askari walikuwa watu waadilifu kupita kiasi, na jambo hilo lilijulikana kwa kuwa liliandikwa. Sultani Silima aliamuru maadili yao yachongwe kwenye ubao wa mninga na kutundikwa mlangoni mwa ngome: Askari hapokei. Askari haonei. Askari hasemi uongo. Kila asubuhi askari walisimama safu moja wakayasoma kwa sauti kuu hata makoo yakawakauka, kisha wakatawanyika mjini kutafuta mtu wa kuwalainishia. Na ili heshima yao isichafuliwe, Sultani akatoa amri ya pili, kwamba yeyote atakayesema askari amepokea atapigwa bakora arobaini, isipokuwa askari mwenyewe akiri kwa kinywa chake mbele ya kiti cha enzi. Ikawa miaka tisa ikapita bila lalamiko hata moja, na Sultani akaufurahia sana usafi wa mji wake.

Basi mjini humo walikuwako ndugu wawili mafukara. Mkubwa, Vuai, alishona makuti ya kuezekea, na watu walimhesabu kuwa mpumbavu, maana alichoambiwa ndicho alichofanya. Mdogo, Mcha, alisokota kamba, naye alikuwa na kifua kibovu. Jumatatu moja Mcha alipita karibu na ngome na kamba yake mpya begani, askari wakamkamata. Akida Ngwali, mkuu wa askari wote, akaipima ile kamba kwa vidole akasema, "Mtu hachukui kamba nzuri namna hii ila ana ng'ombe wa mtu moyoni." Ikaandikwa kuwa Mcha ni mwizi wa ng'ombe, ingawa ng'ombe hakutajwa, na kwamba Ijumaa atapelekwa machimbo ya chokaa kwa mwaka mzima. Na vumbi la chokaa, kwa kifua kile, halikuhitaji mwaka. Mwezi mmoja ungetosha kumzika.

Vuai akaenda ngomeni mbio. "Akida, bwana wangu, ndugu yangu hajaiba kitu. Nifanye nini apate kutoka?"

Akida akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa upole, "Mambo haya si magumu, Vuai. Uje unione tu."

"Nikuone?"

"Unione. Wenzako wote huniona."

"Na nikikuona, utamfungua?"

"Siku hiyo hiyo."

Hapakuwa na mtu Mwambore asiyejua uzito wa neno hilo. Kumwona Akida kulitaka kuku, au mtungi wa asali, au walau kanga mpya ya mkewe. Vuai hakuwa na kuku wala asali. Alichokuwa nacho ni macho mawili mazima.

Basi Jumanne alfajiri akaja na mzigo wake wa makuti, akaukalia hatua tatu mbele ya Akida, akamkazia macho.

"Wewe, unatazama nini?"

"Nakuona, bwana wangu. Si uliniambia?"

"Ondoka hapa, mjinga wee!"

"Ndugu yangu hajatoka bado. Nahofu sijakuona vya kutosha."

Ikawa mama mmoja, Bi Mtumwa, aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba, alikuja na kuku wawili chini ya shela. Alipoyakuta macho yale yamekodolewa, akaamkia kwa adabu akarudi na kuku wake nyumbani. Jumatano akaja mrina asali, naye akageuka. Hata Alhamisi Akida akala muhogo mkavu usio na kitoweo, kama askari alivyoagizwa na maadili yake, na ghadhabu ikampanda. Akamkamata Vuai kwa kosa la kumkodolea macho askari akiwa kazini, kosa ambalo lilizaliwa asubuhi ile ile, akamburura hadi barazani kwa Sultani.

Sultani akauliza, "Ewe Vuai, kwa nini wamsumbua Akida wangu?"

"Seyyid, yeye ndiye aliyeniambia nimwone, apate kumfungua ndugu yangu."

Baraza likakohoa. Sultani akakaza uso. "Wasema askari wangu amepokea? Kumbuka bakora."

"Hasha, Seyyid! Sisemi amepokea. Nasema nimemwona. Ubaoni imeandikwa askari haonei. Haikuandikwa kwamba haonwi."

Sultani akamgeukia Akida. "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia, Seyyid," akajibu Akida, jasho likimtoka.

"Naye amekuona?"

Vuai akadakia, "Nimemwona, Seyyid! Ana chunjua nyuma ya sikio la kushoto. Hupiga miayo mara kumi na moja kabla ya adhuhuri. Akisoma ubao, penye neno 'hapokei' hupunguza sauti. Na meno yake..."

"Basi, basi," akasema Sultani. "Amekuona kuliko mkeo. Ahadi ya askari wangu ni ahadi yangu. Mfungue nduguye sasa hivi, au wewe ndiwe utakayechapwa kwa kuvunja neno langu."

"Lakini hajaniona, Seyyid!" Akida akapaza sauti, uchungu umemjaa. "Siku tatu nzima hajaniona hata kwa yai! Fundi seremala aliniona kwa kitanda, wavuvi huniona kwa nguru kila mwezi, mji wote huniona, huyu peke yake ndiye..."

Akauma ulimi, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, tena kwa kinywa chake, mbele ya kiti cha enzi.

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru Mcha afunguliwe, akaletwa papo hapo akikohoa, na Akida akavuliwa mkanda wa cheo.

Akida akautazama mkanda ule mikononi mwa mwingine, machozi yakamlengalenga. Akasema pole pole, wala si kwa ukali, "Seyyid, nami siku nilipoutaka mkanda huu, uliniambia nije nikuone. Nikakuona kwa minazi sitini ya marehemu mama yangu. Miaka tisa nakusanya kuku wa watu, na hata mnazi mmoja sijaurudisha."

Kicheko cha Sultani kikakatika. Akaangalia zulia. Wazee wa baraza nao wakaliangalia, kana kwamba limetandikwa leo. Akida akabaki kumtazama bwana wake usoni, na bwana wake, baada ya kitambo kirefu, akainua macho.

Vuai akamshika ndugu yake mkono, akamwongoza mlangoni.

"Twende zetu, Mcha," akamnong'oneza. "Wakubwa wameanza kuonana. Si adabu sisi kutazama."