Ngoma ya Kiganjani

“Mgeni asiposikia ngoma, na aulize.” Ndivyo Naa alivyokwambia asubuhi, Kopa, ulipotaka kuwasha hiyo spika yako uani. Wewe na dada yako mkacheka, mkadhani anawatania. Hakuwa anawatania. Naa ni binti yangu, kazaliwa hapa Accra, lakini methali hiyo si ya watu wa hapa, wala si ya kwetu Muheza. Ilizaliwa kati ya huku na kule, katika ua huu huu mlimokaa, nami nilikuwapo. Kwa kuwa mmeuliza chanzo chake, nitawaeleza.

Mwaka huo nilikuwa muuguzi kijana, nina miaka miwili tangu nifike mji huu. Nilikuwa nimechumbiwa na Lamptey, babu yenu, aliyefanya kazi melini. Meli yake ilikuwa iondoke Jumatatu, naye asingerudi kwa miezi minane, kwa hiyo tulipanga harusi Jumamosi, harusi ndogo ya nyumbani. Baba yangu alikwisha kufa zamani. Mama naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu alibaki mtu mmoja tu wa kunisimamia: kaka yake mama, mjomba wangu Semboja.

Mjomba Semboja alikuwa mpiga ngoma. Muheza nzima hakuna harusi iliyokwenda bila yeye. Mnajua desturi yetu: bibi harusi hatoki mpaka mjomba wake ampigie chapuo, ile ngoma ndogo ya kukumbatia kifuani. Aliyetoka bila chapuo, watu husema katoroka. Mama yangu, siku alipozidiwa, alimshika mkono kaka yake akamwambia, “Mwantumu yuko mbali. Usiache atoke kimya.” Mjomba akaahidi.

Ahadi hiyo mimi sikuijua. Nilijua tu kwamba mjomba anakuja, nikamwandikia barua ndefu ya mambo ya mji. Nilimwambia asitoe wala kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia akiingia penye watu waliokaa, aanze kusalimia upande wa kulia aende kushoto, asirukeruke. Asivae nguo ya mabakamabaka ya kijeshi, kwa kuwa sheria inakataza. Asipige picha majengo ya serikali. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, asitaje shida yake kabla hajapewa maji na kuulizwa kilichomleta.

Alifika siku ya Alhamisi, barua yangu mfukoni. Nilipompa begi lake kwa mkono wa kushoto, nikiwa na haraka, alikunja mikono yake akanitazama.

“Mwalimu,” akanitania, “hii barua uliniandikia mimi au ulijiandikia mwenyewe?”

Tukacheka. Tukapita sokoni, tukanunua samaki, akasalimia watu kutoka kulia kwenda kushoto hadi wauza nyanya wakampenda. Lakini jambo moja sikuwa nimeliandika. Kila mwaka, kabla ya sikukuu yao kubwa, Waga wenye mji huu hupanda mahindi ya mila, kisha mji hunyamaza siku thelathini. Ngoma hazipigwi, wala tarumbeta, wala spika za madukani. Mahindi yanaachiwa utulivu yaote. Sikuliandika kwa sababu nilikwisha kulizoea, na aliyezoea kimya hakisikii tena. Wala sikujua kwamba ndani ya begi lile, katikati ya kanzu mbili, mjomba amenifichia chapuo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa jikoni na mama mkwe wangu tukichambua mchele. Mara nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu nitoke kwetu. Ulikuwa mdundo wa kumwamsha bibi harusi. Nawaambia kweli, kabla sijaogopa, nililia. Mama mkwe aliangusha ungo. Nilipofika uani, mjomba alikuwa amefumba macho, anapiga, na kwenye nyumba ya jirani dirisha moja lilikuwa limefunguliwa, mwanamke amesimama pale akiwa amejifunga kitambaa chekundu na cheusi, rangi za msiba huku, anamtazama.

“Mjomba, acha,” nikasema. “Tafadhali, acha.”

“Niache nini? Hata sijafika pa kuchezea.”

Nikamweleza habari ya zile siku thelathini. Vijana wa baraza la wazee walifika kabla ya adhuhuri. Hawakumtukana wala kumshika. Walilichukua chapuo kwa mikono miwili, kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, wakatuambia twende alasiri kwa mzee wa mtaa, Ataa Okai. Njiani nilimsikia mama mkwe akinong'ona kwamba mwaka uliopita ngoma ya mtu mmoja ilivunjwa. Sikumtafsiria mjomba. Alinisoma usoni.

“Wanaweza kulivunja?”

“Wanaweza.”

“Lile lilipigwa siku mama yako alipoolewa,” akasema.

Kwa Ataa Okai tulisalimia kutoka kulia. Tukapewa maji. Mjomba akanywa, akarudisha bilauri kwa mkono wa kulia, akakaa kimya mpaka alipoulizwa. Hayo yote aliyafanya sawasawa, na mimi niliona aibu, maana kosa lilikuwa langu. Hapo mzee hasemeshwi moja kwa moja. Mjomba alisema kwa Kiswahili, mimi nikamwambia msemaji wa mzee, msemaji akamwambia mzee, ingawa mzee alikuwa amekaa mbele yetu na masikio yake mazima.

“Mwulizeni amefika lini,” alisema Ataa Okai.

“Jana.”

“Alipita sokoni?”

“Alipita.”

“Huko sokoni alisikia ngoma?”

Mjomba akafikiri. “Hapana.”

“Kwenye maduka je? Muziki?”

“Hapana.”

“Na kwao kazi yake ni nini?”

Nilisita. Mjomba akaniambia, “Mjibu.”

“Ni mpiga ngoma.”

Wazee wakaangua kicheko, wote isipokuwa Ataa Okai. Yeye aliinama mbele. “Mpishi akiingia nyumba yenye watu na haoni moshi, hujiuliza kuna nini. Mpiga ngoma ameingia mji wenye watu wengi namna hii, hakusikia hata mdundo mmoja. Alidhani nini?”

“Nilidhani mmepooza,” mjomba akasema. “Nikasema, kesho nitawachangamsha.”

“Mjomba, hilo sitalisema.”

“Liseme kama lilivyo, mwanangu. Nimekosa, nisiongeze uongo.”

Nikalisema. Msemaji naye akasita, kisha akalifikisha. Safari hii hakuna aliyecheka. Ataa Okai akatikisa kichwa polepole, nikaona uso wake umelegea.

“Mtu wa kweli,” akasema. “Chapuo lake halitavunjwa. Litalala kwangu mpaka siku ya kufungua ngoma.”

Siku hiyo ilikuwa imebaki wiki mbili na nusu. Mjomba alikuwa aondoke Jumanne. Hapo ndipo alipoeleza ahadi yake kwa mama, nami nikaisikia kwa mara ya kwanza, nikiwa ndiye ninayetafsiri. Sijui niliimaliza vipi. Aliomba apige mara moja tu, Jumamosi, ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Ataa Okai akaacha kumtumia msemaji. Alinigeukia mimi mwenyewe.

“Binti, ulimwona mwanamke wa dirishani? Jumatano amemzika baba yake. Baba yake alikuwa mpiga ngoma kama huyu. Amezikwa bila hata mdundo, na bintiye hakuja kuniomba. Nikimruhusu mjomba wako, yule nitamwambia nini?”

Nilipomfikishia mjomba maneno hayo, alivua kofia. Hakuomba tena. Aliuliza tu kama mgeni anaruhusiwa kwenda kumpa pole mfiwa. Akaambiwa anaruhusiwa. Tulikwenda wote wawili. Yule mwanamke alitupa maji. Mjomba alimwambia, “Nimepiga mahali ambapo baba yako hakupigiwa. Nisamehe.” Akajibu kwamba alipousikia ule mdundo alidhani kwa muda kidogo kuwa baba yake amerudi, na kwamba hajui kama ashukuru au akasirike. Mjomba akasema, “Hata mimi nisingejua.” Wakakaa pamoja, nami nikakaa nao.

Jumamosi ikafika. Nilivalishwa chumbani pale, kile chumba mlimoweka mabegi. Uani wageni walikuwa wamejaa, wanazungumza kwa sauti za chini. Mlango ukafunguliwa, akaingia mjomba na kanzu yake, mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa nisilie. Akaketi mbele yangu.

“Lete mkono,” akasema. “Wa kulia.”

Akakiweka kiganja changu juu ya goti lake, akaanza kunipigia kwa ncha za vidole. Hakusikika hata kwa mtu aliyekuwa mlangoni. Alipiga mdundo wa kumwamsha bibi harusi, akapiga wa kumwogesha, akapiga wa kumtoa. Hakuruka hata mmoja. Alipofika pale pa kuchezea, mabega yangu yakacheza yenyewe, naye akatabasamu huku machozi yakimshuka. Kisha akainuka akanitoa nje, nikaolewa. Sikutoroka. Nilipigiwa.

Siku ya kufungua ngoma mjomba alikuwa amekwisha rudi Muheza. Ataa Okai alilileta chapuo mwenyewe hadi kizingitini, lakini kabla ya kunikabidhi alipita kwanza nyumba ya jirani, yule mwanamke akalipiga kidogo kwa ajili ya baba yake. Ndilo lile mnaloliona ukutani. Mjomba aliandika kwamba libaki huku.

Kwao Muheza kila aliyemwuliza chapuo lake liko wapi alimjibu kwa maneno yale yale mliyoambiwa asubuhi, mpaka wakaanza kuyasema watu ambao hawakumjua. Huku nako Naa aliyachukua kwangu, akawapa wenzake. Wanaokuja na orodha ndefu za miiko kama niliyomwandikia mjomba, nao huambiwa neno hilo tu, kwa sababu orodha haimalizi. Siku zote kuna jambo ambalo mwenyeji amelisahau kwa kulizoea, na mgeni atalijua kwa kusikiliza kisichokuwapo.

Spika yako iweke chini ya kitanda, Kopa. Zimebaki siku kumi na moja. Wewe dada yake, unayeolewa Desemba, lete kiganja. Cha kulia. Hivi ndivyo inavyoanza... hivi... unaisikia? Basi umeelewa. Mgeni asiposikia ngoma, na aulize.