Kipusa na Dume la Zawadi

"Ukipanga safari ya ng'ombe, anza na ndama." Mama Shauri amewaambia hivyo asubuhi hii, alipowakuta mkigombania viti vya gari la kwenda kwenye maonyesho, nanyi mkacheka kwa kuwa hamna ng'ombe wala ndama. Sasa mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Yalianza hivi.

Mwaka mmoja wa ukame, ugonjwa wa ndigana uliua dume pekee la kijiji cha Gidamba. Majike yakabaki bila wa kuyapanda, na kijiji cha wafugaji kisichozaa ndama kina miaka michache ya kuitwa kijiji. Lakini kwenye Maonyesho Makuu ya mkoa, ambayo hufanyika mavuno yakishaingia ghalani, ng'ombe wa kienyeji atakayekamuliwa maziwa mengi kuliko wote angepewa dume la mbegu. Gidamba walikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kushindania. Aliitwa Kipusa, na mwenyewe alikuwa Boay Margwe.

Kila kaya ilitoa sehemu ya mabua yake ya mahindi alishwe Kipusa, huku ng'ombe wao wenyewe wakihesabika mbavu. Boay alipokea kila mzigo kwa mikono miwili. Alijua uzito wake.

Alikuwa mtu asiyependa neno "labda". Alipanga lori la kuazima, maji ya njiani, mahali pa kumpumzisha ng'ombe, na nani apande na nani abaki. Akaenda hata kuuliza sheria za mashindano. Alirudi na moja: maziwa atakayonyonya ndama hayapimwi.

"Basi ndama abaki," akasema.

Mkewe Anjelina, ambaye ndiye aliyemkamua Kipusa siku zote, aliacha kupepeta. "Baba Lohay, Kipusa atashushaje maziwa ndama asipoonja?"

"Yule haonji, anakunywa. Mwaka jana watu walikosa zawadi kwa kikombe kimoja."

"Na asiposhusha?"

"Kiwele kikijaa kitamlazimisha. Mtungi ukijaa humwagika."

"Kipusa si mtungi."

Boay aliijua desturi ya ng'ombe wa kienyeji kama alivyoijua mkewe: hashushi maziwa mpaka ndama wake mwenyewe amnyonye kidogo kwanza. Ila alikuwa ameipima dhidi ya kile kikombe kimoja, na kikombe kilikuwa kizito zaidi. Siku ya safari alimfunga ndama zizini kwa mkono wake. Lori lilipoondoka ndama alilia, na Kipusa akageuza shingo mpaka kona ya barabara ikamficha.

Walifika uwanjani jioni. Boay akaamuru asikamuliwe, kiwele kijae. Asubuhi kilikuwa kimevimba, kimetanuka mpaka kinang'aa, na watu wa vijiji vingine walikuja kukitazama wakinong'onezana. Boay aliona woga wao, akajiruhusu kutabasamu.

Filimbi ikalia. Anjelina akachuchumaa, akaosha chuchu, akavuta. Ndoo ikatoa mlio mwembamba, kisha kimya. Akakanda kiwele, akaimba wimbo wake wa kila siku, akavuta tena. Matone. Kando yao ndoo za wengine zilikuwa zimeanza kutoa povu.

"Mzee," mtu mmoja akapaza sauti, "huyu wako amekuja kushindana au kutembea?"

Watu wakacheka. Boay akainama karibu na ndoo. "Vuta kwa nguvu, Mama Lohay."

"Nikivuta zaidi nitamuumiza. Ameyabana."

"Tuazime ndama! Yeyote!"

Jirani mwenye huruma akawasukumia wake. Kipusa akamnusa mara moja tu, akarusha teke. Ndama akakimbia na ndoo ikabiringika. Filimbi ya mwisho ilipolia, mwamuzi alichungulia ndani, akamtazama Boay, akapita bila kuuliza jina.

Dume la zawadi lilipakiwa kwenye lori la watu wengine.

Wakaanza safari ya kurudi. Gidamba nzima ilikuwa imejipanga kando ya barabara, wengine wameshika kamba mpya ya kulipokea dume. Lori lilipopanda kilima cha mwisho, sauti ya ndama ilisikika kutoka zizini, imekauka kwa kulia. Kipusa akainua kichwa, akaitikia.

Hapo maziwa yakashuka. Hakuna aliyemgusa. Yalitoka kwenye chuchu zote nne, yakapenya kati ya mbao za lori, yakachora mstari mweupe katika vumbi, kupita mbele ya watu waliotoa mabua yao, mpaka mlangoni kwa Boay. Watu waliutazama ule mstari. Boay naye aliutazama.

Mwaka uliofuata kijiji kilikutana kupanga safari ya maonyesho. Mmoja akataja lori, mwingine maji, mwingine akataka ijulikane mapema nani atakaa mbele na dereva. Boay alikuwa ameketi nyuma kabisa. Walipomgeukia kumuuliza, alisimama, akasema jambo moja, akaketi:

"Ukipanga safari ya ng'ombe, anza na ndama."